Uso Ulioachwa Mtupu

"Mama Wande, hayo macho yako yamekuwa mekundu tangu lini?"

Minza aliuliza hivyo asubuhi moja, ndoo ikiwa kichwani, kwa sauti ile ile ambayo mtu huulizia hali ya watoto. Milembe alikuwa anafagia uwanja. "Ni vumbi tu, jirani," akajibu. Minza akasimama kidogo, akamtazama, akapita zake. Ufagio uliendelea kwenda, lakini mwenye ufagio alikuwa amekwisha kupata baridi mgongoni. Hilo si swali la kumuuliza mjane anayeishi peke yake, tena hapa Mwangoye, ambako macho mekundu huhesabiwa kuwa ya mchawi. Bibi yake mzaa mama aliulizwa swali hilo hilo zamani, kabla ya mabati ya jua, kabla ya zile ndege ndogo za kuleta dawa, na mvua iliyofuata haikumkuta. Watu walikuja na mapanga mchana kweupe, wakaondoka, na hakuna jirani hata mmoja aliyesema aliwaona.

Milembe aliliweka swali moyoni, akalisalia rozari. Miezi minne ikapita. Ndama watatu wa Minza wakafa kwa wiki moja. Halafu ikaja ile katuni ya Wajapani.

*

Ukumbi wa picha wa Nkwabi ulikuwa nyuma ya kinu cha zamani cha pamba, jengo refu lenye madirisha madogo yaliyozibwa kwa mapazia ya magunia. Luhende, marehemu mume wa Milembe, alikuwa mtafsiri wa ukumbi huo miaka ishirini na sita. Kila mtu alikuwa na kioo chake cha mfukoni kilichoweza kumtafsiria picha ya nchi yoyote, lakini watu wa Mwangoye hawakukitaka. Walisema sauti ya kioo inasoma kama karani wa mahakama. Walitaka mtu mwenye mate mdomoni, anayetia chumvi, anayemwambia jambazi wa Kikorea "we Masanja, geuka nyuma!" Luhende hakujua Kikorea wala Kijapani. Mashine ilimnong'oneza maneno sikioni, yeye akayapika upya.

Alipofariki, Nkwabi alijaribu vijana watatu, wote wakazomewa. Ndipo akaenda kwa mjane. Miaka yote hiyo Milembe alikuwa akikaa kando ya mume wake akimshikia maji ya kunywa, na hakuna neno lililompita.

Wanajumuiya wenzake wa kanisani walimtania. "Mama Wande, asubuhi rozari, alasiri majini ya Kijapani!"

"Kutisha si dhambi," aliwajibu. "Dhambi ni kumwacha mtu aende nyumbani na hofu mbichi."

Hiyo ndiyo desturi aliyoachiwa na Luhende. Picha ikiisha, mtafsiri ndiye anayeifunga. Taa haziwashwi mpaka aseme, "Basi, hiyo ilikuwa picha. Nendeni mkapike." Watu hucheka, wakapanguza jasho, wakatoka wakiwa wepesi.

Katuni yenyewe iliitwa Hadithi Kumi na Moja za Mvua. Ilitokana na hadithi fupi za vibonzo alizochora mzee mmoja wa Kijapani, kila hadithi na kisa chake. Moja ilikuwa ya mwalimu aliyehifadhi pumzi za wanafunzi kwenye mitungi. Nyingine ilikuwa ya daraja lililorefuka kila lilipovukwa, mpaka mtu akazeekea katikati yake. Lakini katika hadithi zote kumi na moja alipita mgeni mmoja, mwanamke aliyevaa nguo ya mvua, na mgeni huyo mzee hakumchora uso. Aliacha karatasi tupu, makusudi. Akafa bila kusema kwa nini.

Waliogeuza vibonzo kuwa katuni hawakuvumilia utupu ule. Wakautengenezea mashine. Kwenye mabenchi ya ukumbi ilitandikwa mikeka myembamba inayosikia mapigo ya moyo na jasho la mwili. Kila mgeni alipotokea kwenye picha, mashine ilimjaribishia uso papo hapo. Pua hii, mioyo imelala, iondoke. Pua ile, mioyo imeruka, basi ibaki. Wiki baada ya wiki, hadithi kwa hadithi, kila ukumbi duniani ulijichorea mgeni wake.

Wiki ya kwanza Mwangoye walipata uso kama nta iliyoyeyuka, wakacheka. Wiki ya tatu alikuwa mwanamke mzee. Wiki ya tano macho yakawa mekundu, na ukumbi mzima ukapiga ukelele mmoja, hata kuku wa nje wakatawanyika. Kuanzia hapo watu walijaa mpaka kwenye madirisha.

Milembe alikaa kando ya pazia, maiki mkononi, mbele ya kioo kidogo cha fundi kinachoonyesha picha kabla haijaenda ukutani. Wiki ya nane aliona kidevu, akafikiri, kidevu hiki nakijua. Wiki ya kumi, mwalimu wa mitungi alifungua mlango, na mgeni akainua kichwa kutoka chini ya kofia ya mvua. Juu ya nyusi ya kushoto kulikuwa na kovu. Milembe alipeleka kidole kwenye nyusi yake mwenyewe. Jembe lilimkata hapo akiwa na miaka tisa.

Hakuna aliyepiga kelele safari hii. Kisha mtu wa benchi la mbele akageuza shingo, taratibu, kumtazama mtafsiri.

Aliimaliza hadithi kwa shida, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, alisahau kuifunga. Watu walitoka hivyo hivyo.

*

Jumapili, padri aliposema watakiane amani, mwanamke aliyekaa kulia kwake aliificha mikono ndani ya kanga. Wa kushoto aliinama kutafuta kitu chini ambacho hakikuwapo. Milembe alibaki ameunyosha mkono, akaurudisha polepole kifuani kana kwamba alikuwa anapiga ishara ya msalaba.

Aliporudi nyumbani alikuta jiwe juu ya bati. Moja tu. La pili, alijua, halingekuja peke yake.

Jumatatu asubuhi alikwenda ukumbini. Nkwabi, mwenye ukumbi, mtu mnene wa haraka haraka, alikuwa amekwisha kufungua kitabu cha maelekezo.

"Mama, nimelala macho wazi. Walahi sikujua mashine inaweza kufika huko. Mashine haina hata picha yako moja."

"Picha wanazo wao," Milembe akasema. "Vichwani."

"Lakini dawa ipo. Ona." Akagusa kioo cha fundi. Kulikuwa na kitufe kilichoandikwa Hamisha. "Ukibonyeza hapa, mashine inaacha uso huu, inachukua unaofuata kwenye foleni. Jumamosi hadithi ya mwisho, mgeni anatokea na uso mwingine, watu wanasema kumbe siyo yeye. Umepona."

"Na unaofuata ni wa nani?"

Nkwabi akajikuna. "Ndio sijatazama."

Milembe akabonyeza pembeni, pale pa kutazama tu. Foleni ikajipanga. Wa kwanza alikuwa yeye. Wa pili alikuwa kikongwe mwenye mashavu yaliyoingia ndani, mdomo bila meno. Bibi Kabula, wa kule kwenye vibanda vya mwisho, aliyekuwa mkunga kabla zahanati haijajengwa. Wa tatu ulikuwa bado ukungu, haujakaa sawa.

"Ah," Nkwabi akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mama, bibi Kabula ana miaka tisini na kitu. Ameshakula chumvi yake."

"Nkwabi."

"Nasema tu."

"Ni yeye aliyekutoa tumboni mwa mama yako, miguu ikitangulia."

Milembe akauliza kama hawawezi kuzima tu, wasionyeshe.

"Nimefikiria. Tukizima watasema umetishia ukumbi. Uso wako wanao tayari, mama. Wataubeba hivyo hivyo majumbani, bila picha kufungwa." Akafunga kitabu. "Mimi sikulazimishi. Kitufe ni hicho. Ungekuwa mama yangu mzazi ningekibonyeza sasa hivi kwa vidole kumi."

Nkwabi alipotoka kufuata chai, Milembe alibaki mbele ya kioo. Kulikuwa na ramani ya mabenchi pia, na kila kiti kilikuwa na mstari wa mapigo yake tangu wiki ya kwanza. Viti kumi na vinane kati ya arobaini vilikuwa vimeruka kwenye macho mekundu. Kimoja kiliruka kabla ya vingine vyote, kila mara, na juu kuliko vyote. Kiti cha kumi na nne. Hakuhitaji kuuliza. Kiti cha kumi na nne kilikuwa na mto wa maua ya zambarau ambao mwenyewe huja nao kutoka nyumbani na kuondoka nao. Mto wa Minza.

Nkwabi alirudi na vikombe. Milembe akaifunika ramani kwa kiganja, akasema chai isiwe na sukari nyingi.

*

Jumanne alimpelekea bibi Kabula uji wa mtama. Bibi alikuwa amekaa juani mlangoni, macho yake nayo yamewiva kwa moshi wa samadi wa miaka mingi. Alikataa jiko la jua alilopewa na serikali, akalifanya kiti cha kuku.

"Mwadila, bibi."

"Mhola, mwanangu. Sauti ya mke wa Luhende hiyo. Wanasema umekuwa jini."

Milembe akashtuka, halafu akacheka bila kutaka. "Wanasema hivyo?"

"Mjukuu kaniambia. Uko ukutani, mkubwa kama ghala, unatisha watu. Nikamwambia afadhali, maana mumewe alikuwa mpole mno, picha zake zilikuwa zinanisinzisha."

"Bibi, na wewe wakija kukuuliza habari za macho?"

"Nitawaambia waanze na meno, maana hayo ndiyo yaliyotangulia kuondoka." Akanywa uji, akalamba mdomo. "Wakija wenye mapanga je, ndio unachotaka kuuliza? Mimi siwezi kukimbia, mwanangu. Nitawapa viti."

Njiani kurudi Milembe alilia kidogo, kisha macho yakamuwasha zaidi, akasimama kando ya shamba la pamba. Akafungua kimfuko cha rozari. Chini ya shanga kulikuwa na kichupa cha dawa ya matone alichopewa zahanati miezi saba iliyopita. Daktari alimweleza vizuri: macho yake yamekauka kwa kukodolea kile kioo cha fundi saa sita kila siku; atie tone moja kila jicho mara tatu kwa siku, na apumzike. Lakini angekitoa wapi kichupa hicho mbele za watu? Mjane kuonekana anatibu macho mekundu ni kukiri kwamba anayo. Kwa hiyo alikificha, akawa anatia matone gizani, nusu yanaanguka shavuni. Na Minza alipomuuliza, akasema vumbi.

Haikuwa vumbi. Alisimama pale na neno hilo muda mrefu. Alimdanganya jirani yake kwa neno moja dogo, na ndani ya shimo lililoachwa na uongo huo Minza akapanda kila kitu chake: ndama, usingizi wa kukatika, na maneno, yaliyokwisha kusikika kijijini, ya mganga mmoja wa ng'ambo ya mto aliyemwambia adui yake yuko karibu na macho yake yanawaka.

"Bwana," Milembe akasema kwa sauti, maana hakukuwa na mtu, "mimi sibonyezi. Lakini usiniache peke yangu na maiki."

*

Jumamosi saa tisa alasiri watu walikuwa wamejaa mpaka wengine wamekaa juu ya mashine mbovu za pamba. Milembe aliingia na gauni lake jeupe la kanisani. Njia ikafunguka mbele yake, pana kuliko ilivyohitajika. Mzee Maduhu peke yake ndiye aliyemsalimia, mzee mwenye mdomo ambaye hakukosa picha tangu enzi za Luhende.

"Mama Wande, leo unajilipia kiingilio au jini halilipi?"

Watu wengine waliguna, nusu kicheko, nusu kikohozi.

Taa zikazimwa. Hadithi ya kumi na moja ilikuwa fupi na tulivu. Mji wa mbao, mvua usiku kucha. Mgeni anabisha nyumba kwa nyumba. Kila anapofunguliwa anakaa kando ya meko, hasemi kitu, na asubuhi meko yamekuwa baridi na mwenye nyumba hayupo. Mashine ilimnong'oneza Milembe maneno sikioni, naye akayatoa kwa sauti ya kawaida, bila kutia chumvi. Kwenye kioo cha fundi aliona mistari ya viti inapanda.

Katika picha, mama mmoja wa nyumba akafungua mlango. Mgeni akainua kofia. Uso wa Milembe ukajaa ukuta mzima, kovu kama mtaro, macho kama makaa.

Ukumbi ukavuta pumzi. Benchi likaanguka. Mtu nyuma akasema, si kwa nguvu, "Ni yeye kweli."

Sikioni mashine ilisema: mgeni hajibu. Milembe akashika maiki kwa mikono miwili.

"Hodi wenyewe," akasema. "Mwadila. Ni mimi Milembe, mjane wa Luhende. Nyumbani kwangu moto umezimika. Nimekuja kuomba kaa moja."

Kila mtu pale aliwahi kutumwa na mama yake kwa jirani, kigae mkononi, kuomba moto.

"Mnatazama macho," akaendelea. "Yatazameni vizuri basi." Akatoka kando ya pazia, akaingia kwenye mwanga, akasimama mbele ya ukuta, yeye mdogo chini ya yeye mkubwa. Akafungua kimfuko cha rozari, akatoa kichupa, akakiinua juu. "Hii ni dawa ya zahanati. Miezi saba. Kile kioo cha Nkwabi pale ndicho kilichonikausha macho, kwa kukitazama ili ninyi mtazame picha. Jirani yangu aliniuliza, nikamwambia ni vumbi. Nilisema uongo. Niliona aibu na niliogopa. Hilo ndilo kosa langu, na ninalikiri hapa kama ninavyolikiri kule kanisani."

Akarudisha kichwa nyuma, akajitia tone. Likaangukia puani. Akajaribu tena, likaangukia shavuni.

"Mama Wande!" Mzee Maduhu akapaza sauti. "Huyo mwenzako wa ukutani pua yake kubwa kuliko yako! Mwambie Nkwabi akurudishie pua yako!"

Mtu akacheka. Mwingine akacheka kwa sababu wa kwanza amecheka. Kwenye kioo cha fundi mistari ikaanza kuanguka kama mvua ya mawe inapokwisha, na mashine, ambayo haikujua aibu wala kicheko, ilijua tu kwamba uso huo haufanyi kazi tena. Ukutani pua ikaanza kurefuka. Kovu likahama. Macho yakafifia.

Kisha mashavu yakaingia ndani, mdomo ukapoteza meno, na mistari ikainuka tena.

Milembe hakuipa nafasi. "Karibu bibi Kabula! Wangapi humu walipokelewa na mikono ya huyu? Nyanyueni mikono. Nkwabi, nyanyua, ulikuja miguu mbele." Mikono ikapanda gizani, mmoja, mitano, nusu ya ukumbi. "Anasema mkija kumwona atawapa viti. Basi msiende mikono mitupu, anapenda uji wa mtama."

Kicheko tena, safari hii kilikuwa laini. Uso wa bibi Kabula ukayeyuka kutoka ukutani.

Na ule wa tatu, uliokuwa ukungu, ukajikusanya.

Ulikuja haraka, kwa sababu ulikuwa tayari. Mwanya wa mbele. Chale ndogo ya zamani kwenye shavu. Wiki nzima Minza alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akieleza habari za macho na alama za wachawi, na watu walikuwa wameanza kujiuliza, wakiwa wamelala, yeye anayajuaje hayo yote. Sasa uso wake ulikuwa ukutani, mkubwa, umelowa mvua, unatazama. Ukumbi ukanyamaza kwa namna ambayo Milembe aliijua, maana wiki iliyopita alinyamaziwa yeye. Shingo zikaanza kugeuka kuelekea kiti cha kumi na nne.

Minza alikuwa amekumbatia mto wake wa zambarau. Mdomo ulikuwa wazi lakini hakutoa sauti.

Milembe alishika maiki na hakusema kitu.

Angenyamaza tu. Kunyamaza si kubonyeza. Mashine ndiyo iliyochora, tena imechora kutoka mioyoni mwao, si mwake. Baada ya pumzi chache hofu yote ingehamia kule, na yeye angerudi nyumbani kwenye bati lisilo na jiwe. Aliisikia raha ya jambo hilo ikimpanda miguuni kama maji ya uvuguvugu. Pumzi moja. Ya pili. Kioo cha fundi kilikuwa kinawaka, mistari imefika juu kabisa, juu kuliko siku zote kumi na moja. Alikumbuka majirani wa bibi yake, nyumba tano, sita, ambazo hazikuona kitu.

"Na huyu," akasema, sauti ikikwaruza, "huyu ni Minza. Jirani yangu. Nilipofiwa alinipikia uji siku arobaini, na siku ya ishirini alijiunguza mkono kwa ajili yangu, muulizeni awaonyeshe. Amefiwa na ndama watatu. Mtu aliyepoteza ndama watatu kwa wiki moja anatafuta sababu. Hata mimi ningetafuta."

Mzee Maduhu akakohoa gizani, na safari hii hakutania. "Mimi wamekufa wawili," akasema. "Daktari wa mifugo alikuja Alhamisi. Ndigana. Kupe hao, jamani. Kasema tuogeshe ng'ombe wote wa upande huu."

"Wewe mbona hukusema?" mtu akauliza.

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnazungumza habari za macho."

Mtu akasema hata wa kwake mmoja anakohoa. Mwingine akauliza dawa ya kuogeshea inapatikana wapi. Minong'ono ikaenea mabenchini, minong'ono ya kawaida, ya watu wanaoulizana jambo. Na ukutani mashine ikahangaika. Ikajaribu pembe, hakuna. Ikajaribu uso wa mbwa, uso wa mtoto, uso wa Nkwabi mwenyewe, na hapo ukumbi ulicheka mpaka vumbi la pamba likashuka darini. Ikajaribu na kujaribu, kila mara polepole zaidi, mpaka ikaishiwa.

Chini ya kofia ya mvua ikabaki karatasi tupu, nyeupe, kama alivyoiacha yule mzee wa Kijapani.

Katika picha, mama wa nyumba alichota kaa moja mekoni. Mgeni akalipokea kwa mikono miwili, akatoka, akaenda na mvua yake. Pengine ndivyo hadithi ilivyokuwa tangu mwanzo, pengine mashine ilikuwa inafuata maneno ya mtafsiri. Milembe hakujua na hakujali. Kitu kilichomkaba kifuani tangu asubuhi ile ya ufagio kilikuwa kimefunguka, na alivuta hewa ya ukumbi ule wa jasho na pamba kana kwamba ni ya mlimani.

"Basi," akasema. "Hiyo ilikuwa picha. Nendeni mkapike."

*

Walitoka wakisukumana na kutaniana kama zamani. Mwanamke aliyeficha mikono kanisani alipita karibu, akamshika Milembe kiganja kwa nguvu, bila kumtazama, akaendelea. Maduhu aliuliza kama wiki ijayo kuna picha ya mapenzi, maana moyo wake umechoka kuchunguzwa. Nkwabi alikuwa anakunja mikeka ya mapigo moja moja, akisema atairudisha kwa waliomletea, au ataifanya mazulia ya kuku wa bibi Kabula.

Milembe alikaa kwenye ngazi ya pazia. Alijaribu tena kutia dawa. Kichupa kikacheza mkononi, tone likaangukia kola ya gauni jeupe.

Kivuli kikasimama mbele yake. Minza, mto wake kwapani. Macho yake yeye sasa ndiyo yaliyokuwa mekundu.

"Mama Wande," akaanza.

Milembe akangoja.

Minza akasogea karibu zaidi. Akauweka mto chini. Akakichukua kichupa kutoka kwenye vidole vya Milembe, akamwinua kidevu kwa mkono wenye kovu la moto, mkono mpana usiotetemeka, akamvuta kope ya chini taratibu. Tone likaingia. Akageukia jicho la pili. Likaingia nalo. Baridi yake ikaenea mpaka nyuma ya macho, na ukumbi, mwanga wa mlangoni, uso wa jirani yake, vyote vikawa na maji na vikawa wazi.

Minza akakifunga kichupa, akakirudisha ndani ya kimfuko cha rozari, akavuta kamba. Akaokota mto wake, akatoka bila neno jingine.